Anayekimbia Nyuma

Katika mbio za wazazi na watoto za mtaani kwetu, saa haisimami mpaka mtu wa pili avuke mstari. Naanza na hilo kwa sababu asiyelijua hataelewa kwa nini mwaka huu nilikimbia nusu ya njia nikimkasirikia binti yangu, na nusu nyingine nikimshukuru.

Mnaingia wawili, mzazi mmoja na mtoto asiyezidi miaka kumi na mitano. Mnaondoka Nyakabiga asubuhi, mnakatiza mjini, mnavuka daraja la Muha, mnapanda Kinanira, kisha mnateremka mpaka uwanja wa mpira wa Kanyosha. Ni kama kilomita nane. Mtoto anaweza kufika mbele ya watu wote, akanywa maji, akavua viatu, akalala kivulini, na bado akahesabiwa kuwa yuko njiani. Atakuwa amefika mzazi wake atakapofika, na mzazi vilevile.

Wazazi wengi wanaijua sheria hiyo, ila miguu yao haijaisikia. Wanatangulia. Wanamvuta mtoto kwa kelele: "Haya! Njoo! Umelala?" Mtoto anautazama mgongo wa baba yake ukizidi kuwa mdogo, na nguvu zake nazo zinapungua hivyo hivyo.

Baba yangu hakukimbia hivyo. Alikuwa fundi wa magari, gereji yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba yetu pale Nyakabiga, na mambo mengi ya dunia aliyafikiria kwa mfano wa gari. Alikuwa akisema kwamba dereva ndiye mtu wa mwisho kujua gari lake linaumwa, maana yeye amekaa mbele anatazama barabara. Anayefuata nyuma ndiye anayesikia bomba likikohoa na kuuona moshi umebadilika rangi. Kwa hiyo tulipoanza kukimbia pamoja, nikiwa na miaka kumi, aliniweka mbele na yeye akakaa nyuma yangu, hatua mbili tu.

"We utaenda," aliniambia, "mi nitasikiliza."

Nitaeleza jinsi ilivyofanya kazi, kwa sababu ni rahisi na yeyote anaweza kujaribu na mwanawe. Mtoto aliye mbele anasikia hatua za mzazi. Zikiwa karibu na nzito, anajua amelegea, anaongeza. Zikianza kwenda mbali, anajua ametia haraka kupita kiasi, anapunguza. Mzazi naye anasikiliza pumzi ya mtoto. Akigonga ulimi mara moja, ina maana punguza. Mara mbili, ongeza. Hakuna kuzungumza, kwa sababu maneno yanakula pumzi. Na kuna katazo moja tu: usigeuze kichwa. Baba alilirudia mpaka likawa kama sala ya safari.

"Ukiangalia nyuma umepoteza hatua tatu. Za nini? Mi niko hapa. Sitoki."

Mwaka wangu wa mwisho wa kuruhusiwa, mimi na yeye tulifika Kanyosha kwa dakika arobaini na moja na sekunde kumi na mbili. Hatukuwa wa kwanza. Tulikuwa wa nne, nadhani, au wa tano, hilo hakuna anayelikumbuka nyumbani. Lakini arobaini na moja na kumi na mbili ilibaki kwetu kama ndugu aliyekuja kutembea akakataa kuondoka. Baba aliitaja kwenye harusi na kwenye futari. Aliitaja hata siku aliyokuja mposaji wangu, ambaye baadaye alikiri kwamba alidhani ni namba ya nyumba.

Kuna miaka ya vita ambayo mbio hizi hazikufanyika. Ziliporudi nilikuwa mtu mzima, na baada ya muda nikawa mama. Binti yangu alipofikisha miaka tisa nilimweka mbele, nikakaa nyuma, hatua mbili. Nilimfundisha hatua, ulimi na katazo. Nilimwambia kwamba katika nyumba yetu ndivyo ilivyo: mtoto mbele, mzazi nyuma. Baba, ambaye goti lake lilikuwa limeshamkatalia kukimbia, alitungojea Kanyosha na saa yake ya mkononi, kwa sababu haziamini saa za wenye mbio.

Mwaka hadi mwaka tuliikaribia ile namba bila kuifikia. Mwaka jana tulipata arobaini na moja na hamsini. Mwaka huu binti yangu ametimiza miaka kumi na mitano. Hakuna mwaka mwingine.

Yeye alilijua hilo kuliko mimi. Tangu mwisho wa mvua alianza kuniamsha mwenyewe baada ya alfajiri. Siku za Jumamosi barabara inajaa vikundi vinavyokimbia kwa pamoja, vikipiga makofi na kuimba, na sisi wawili tulikuwa tukivipita kimoja kimoja. Jioni alikwenda kwa babu yake, ambaye kama mababu wote wa kwetu humwita mjukuu wake bibi, yaani mke, na mashindano yakaendelea hapo barazani.

"Bibi yangu," baba alimwambia siku moja, "arobaini na moja na kumi na mbili. Bado inakuogopesha?"

"Babu, mwaka huu inakufa."

"Wengi walisema hivyo."

"Wengi gani? Anayekimbia ni mi peke yangu!"

"Na mama yako?"

Binti yangu alinitazama, akacheka. "Mama anakimbia, ndiyo. Lakini anapumua kama pikipiki ya bomba mbovu."

Baba alicheka mpaka akashika goti. Nami nilicheka. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, maana mtoto alikuwa ameniambia ukweli wote, nami nikauchukulia kuwa ni mzaha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kila siku nawaambia watoto wasome swali mpaka mwisho kabla ya kujibu.

Asubuhi ya mbio tulikuwa jozi kama sitini. Katika kundi letu, karibu nasi, alisimama baba mmoja mpana wa Kanyosha, muuza unga, pamoja na mwanawe mwembamba aliyekuwa akirukaruka kama aliyekanyaga makaa. Tulisalimiana. Alinitania kwamba yeye anakimbia kwenda nyumbani, kwa hiyo kwake yote ni mteremko. Tarumbeta ikalia, tukaondoka.

Mitaa ya Nyakabiga ni myembamba na maduka yalikuwa yameanza kufunguliwa. Watu walisimama milangoni, wengine na vikombe mkononi, wakitupigia kelele za kututia moyo. "Komera! Komera!" Nilikuwa nyuma ya binti yangu, hatua mbili, na kilemba chake cheusi kilikuwa kinakwenda sawasawa mbele yangu. Nikasema moyoni, leo ni leo.

Tulipotokea kwenye barabara kubwa ya mjini, mwana wa muuza unga alichomoka kama risasi na kumwacha baba yake. Yule baba akasogea kutafuta nafasi. Nafasi aliyoipata ilikuwa kati yangu na binti yangu.

Sikujali mwanzoni. Nilidhani atapita. Lakini hakupita. Alikuwa amepata mtu wa kumfuata na akaridhika. Alikaa nyuma ya binti yangu, hatua mbili, na viatu vyake vizito vikigonga lami: pu, pu, pu.

Nawe msomaji umeshaona. Binti yangu alisikia hatua nzito zimemkaribia kisigino, akafanya alichofundishwa tangu utotoni: akaongeza. Muuza unga akaona anaachwa, akaongeza naye. Hatua zikawa nzito zaidi, mtoto akaongeza tena. Niligonga ulimi mara moja. Nikagonga tena. Pale mjini palikuwa na honi, makofi na watu wa baiskeli wakipiga kelele, na ulimi wangu haukufika popote. Nikaita jina lake. Mtoto hakugeuka. Kwa nini ageuke? Sisi wenyewe ndio tuliomfundisha kwamba anayegeuka amepoteza hatua tatu, na kwamba aliye nyuma haondoki.

Niliwatazama wakienda, msichana mwembamba na mwanamume mpana, nami nikawa kama mtu anayefukuza pikipiki kwa miguu. Kilemba cheusi kilikuwa kidogo, kikawa kidogo zaidi, kisha sikukiona. Hapo ndipo nilipokasirika. Nikasema, huyu mtoto ameniacha makusudi, ameona namchelewesha. Hasira hainyanyui miguu, wacha nikuambie. Inakuchoma tu kifua. Nilifika eneo la Muha nikiwa peke yangu, nikijua ile namba ya baba yangu itaishi mwaka mwingine na mingine yote.

Binti yangu alikuwa amesimama kwenye kichwa cha daraja, mikono kiunoni, machozi yamechanganyika na jasho. Muuza unga alikuwa kando yake akiwa ameinama, mikono magotini. Baadaye niliambiwa ilivyokuwa. Walipofika darajani, yule baba alikohoa. Kikohozi cha mwanamume mzima, kizito, karibu na sikio la msichana. Ndipo akageuza kichwa kwa mara ya kwanza katika miaka sita ya mbio, akaona sura ya mtu asiyemjua.

"Mama!" alipiga kelele aliponiona. "Mi nilijua ni weye!"

"Viatu vile ni vyangu?"

"Nilisema leo mama amekula nini! Nilifurahi, Mama! Nikasema leo tunaiua!"

Muuza unga akainua kichwa. "Mama, mutoto wako amenikokota kama gari bovu. Tangu nizaliwe sijafika hapa haraka hivi." Kisha akakumbuka kwamba ana mwana wake mahali fulani mbele, akasema "Yoo!" na kuanza tena kukimbia.

Tulikuwa tumesimama, na saa haikusimama. Hasira yangu yote iliishia pale. Mtoto hakuwa ameniacha. Alikuwa amekimbia njia nzima akiamini kwamba mimi ndiye niliyekuwa nyuma yake nikimsukuma, na nguvu zile amezitoa kwa furaha. Nikamwambia la busara nililoweza.

"Haya, tangulia. Kama kawaida."

"Apana." Alijipangusa uso kwa mkono. "We pita mbele."

"Si hivyo tunavyokimbia. Mtoto mbele, mzazi nyuma."

"Nani alisema?"

"Babu yako."

"Babu alikuwa na nguvu kukushinda." Alisema taratibu, kama mimi ninavyosema na mtoto aliyekwama kwenye hesabu. "We hunishindi, Mama. Nikiwa mbele nitakuacha tu. Nisipokusikia nitaogopa, nikigeuka tumepoteza. Pita mbele, mi nitasikiliza."

Nilipita mbele.

Ukitoka Muha kwenda Kinanira barabara haikuulizi kama uko tayari. Inapanda. Kwa miaka yote niliyokimbia pale na baba, kisha na binti yangu, nilikuwa na mgongo wa kutazama au hatua za kusikia, lakini nilikuwa nimesahau kwamba hatua za kusikia humbeba mtu. Nilikuwa mtoto mara ya mwisho nilipozisikia. Sasa zilikuwa nyuma yangu tena, nyepesi, hatua mbili, na kila nilipolegea zilisogea karibu na kisigino changu. Nikaongeza. Zikabaki palepale. Katikati ya mlima nilitia haraka kwa kiburi, nikasikia ulimi unagongwa mara moja nyuma yangu. Punguza. Nikapunguza.

Nilielewa nikiwa pale mlimani, kifua kinawaka, jambo nililopaswa kulielewa miaka mingi kabla. Baba hakukaa nyuma kwa sababu alikuwa baba. Alikaa nyuma kwa sababu alikuwa na nguvu nyingi kuliko mimi. Anayeweza kwenda haraka ndiye anayeweza kuchagua mwendo wa mwenzake, na asiyeweza ndiye anayepaswa kuona barabara ikiwa wazi mbele yake. Mimi nililichukua jambo la akili nikalifanya mila, nikamrithisha mtoto bila kuuliza. Na miaka miwili, pengine mitatu, tulikuwa tukishindwa kwa sababu hiyo tu. Alikuwa akijizuia mbele yangu, nami nikidhani namsukuma.

Kama una mtoto na unakimbia naye, au unafanya naye kazi yoyote, liangalie hilo mapema. Siku ya kubadilishana nafasi haitangazwi. Inakuja kama mzaha juu ya bomba la pikipiki.

Juu ya Kinanira watu walikuwa wachache. Mzee mmoja mwenye redio mkononi aliinua kidole gumba. Kisha barabara ikaanza kushuka na nikasikia ulimi mara mbili. Ongeza. Nikajiachia. Tulimpita muuza unga, kisha mama mmoja na mwanawe, kisha baba aliyekuwa akimburuta mtoto kwa mkono, kisha jozi nyingine ambayo sikuitazama. Tulipofika Kanyosha, wanawake waliokuwa wakilima mashamba ya mboga kando ya njia waliinuka na majembe yao. Mmoja alipaza sauti akichanganya na Kirundi, "Ihute, mama! Fanya haraka! Mwana wako anakufukuza!" Wenzake wakacheka, na kweli ilionekana hivyo, mwanamke mwenye miaka karibu hamsini anakimbizwa na msichana.

Mita mia mbili za mwisho ni uwanja wa vumbi. Niliona mstari wa chokaa, nikamwona baba yangu kando yake, amesimama kwa fimbo, saa ameishika karibu na jicho. Miguu yangu haikuwa na kitu tena. Nilitaka kusimama, na ningesimama, nafikiri. Lakini hatua zile zilikuwa pale pale kwenye visigino vyangu. Ukiwa na hatua kama hizo nyuma yako kusimama ni kukanyagwa. Nilivuka. Pumzi moja baadaye binti yangu akavuka, na pumzi hiyo ndiyo iliyohesabiwa.

Nililala kwenye vumbi. Sikuuliza. Binti yangu ndiye aliyemwendea babu yake, akamshika mkono wenye saa.

"Babu, sema."

Baba aliitazama saa. Aliitikisa. Akaiweka sikioni.

"Babu!"

"Ngoja kwanza, bibi yangu. Saa hii imezeeka."

"Imezeeka tangu jana? Sema!"

"Arobaini," alisema baba, akaitazama tena saa, "na hamsini na nane."

Msichana alipiga yowe ambalo lilisikika nadhani mpaka ziwani. Alimkumbatia babu yake, fimbo ikaanguka, akamwacha, akaja akaniangukia mimi nikiwa bado chini. Wenye mbio walipotangaza saa yao ilikuwa arobaini na hamsini na tisa, na baba akasema kwamba kwa mara ya kwanza maishani saa yake imetupendelea, kwa sekunde moja. Tulikuwa wa saba. Mwana wa muuza unga alikaa mstarini robo saa kabla baba yake hajafika.

Nilipoweza kukaa, nilimwuliza baba lile lililonisumbua tangu mlimani.

"Baba, ulinifundisha mzazi akae nyuma."

"Mi?" Alishangaa kweli. "Mi nilisema hivyo lini? Nilikuambia nitakaa nyuma. Mimi. Gari bovu likisukumwa, mwenye mikono anasukuma, aliyechoka anashika usukani. Sasa ungenisukuma we, na miguu ile kama vijiti?"

"Mbona hukuniambia miaka yote hii? Ulikuwa unatuona."

"Nilikuona unafika nyuma ya mutoto kila mwaka, nikasema mwalimu huyu ana sababu zake." Kisha akaongeza, bila aibu yoyote, "Na arobaini na moja na kumi na mbili ilikuwa yangu. Ulitaka nikusaidie kuiua?"

Binti yangu alimtazama kwa mdomo wazi. "Babu, kumbe ulijua!"

"Nilikuwa nangojea mutu atakayeona mwenyewe."

Alitoa simu mfukoni, akasogea kando, akaipeleka mbali na macho ili aone namba, akampigia rafiki yake wa zamani, fundi mwenzake wa Nyakabiga. Baba huzungumza na simu kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto, kwa hiyo uwanja mzima ulisikia.

"Eeh! Ni mi. Wamenipiga. Ndiyo, nakuambia wamenipiga! Kwa sekunde kumi na nne." Akasikiliza. "Apana, apana, hakuna aliyeiba. Nilikuwa hapa, saa yangu mkononi." Akasikiliza tena, akatutazama sisi wawili tukiwa vumbini, akageuka upande mwingine, na sauti yake ikapanda zaidi. "Watu wengine gani? Ni wangu! Wote wawili ni wangu!"